Mashine ya kukatia nyasi ya kukalia: Kabla ya bei, jaribu swichi ya kiti

Singida. Mvua zikishaanza Singida Mjini kati ya Novemba na Desemba, majani hayasubiri mtu. Ndani ya wiki chache, viwanja vya shule, hoteli na makanisa vilivyokuwa vumbi tupu vinageuka kichaka, na vijana wawili wenye mafyekeo hawatoshi tena.

Hapo ndipo wenye maeneo makubwa huanza kuulizia mashine ya kukalia, ile ambayo dereva anakaa kwenye kiti kama cha trekta dogo na visu vinazunguka chini yake.

Maswali ya kwanza huwa mawili: bei gani, na ina nguvu farasi ngapi. Ni maswali halali, ila hayaonyeshi kama mashine itadumu wala kama ni salama. Uimara na usalama wake unaonekana kwenye vitu ambavyo muuzaji havitaji mpaka aulizwe.

Je, inahitajika kweli?

Hesabu ni rahisi. Kiwanja cha mpira chenye vipimo vya kimataifa ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Ni karibu ekari moja na robo tatu.

Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 50 itamtembeza mtu zaidi ya kilomita 14 kumaliza kiwanja hicho mara moja. Kwa mwendo wa kawaida, hiyo ni kazi ya saa nne hivi.

Mashine ya kukalia yenye upana wa sentimita 107, ikienda kilomita 5 kwa saa, inamaliza kazi hiyohiyo kwa chini ya saa mbili, hata ukihesabu kugeuza na kupita juu ya mstari uliokwisha katwa.

Kwa hiyo mwenye bustani ya nusu ekari hana sababu ya kujitwisha mzigo huu. Mashine ya kusukuma, au ile ya kufyekea inayovaliwa begani, inamtosha. Ya kukalia inaanza kuleta maana kuanzia ekari moja kwenda juu, tena kwenye eneo lililo wazi na tambarare.

Swichi ndogo, kazi kubwa

Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi. Dereva akiinuka au akianguka wakati visu vinazunguka, swichi hiyo inazima injini au inakata visu. Viwango vya Marekani vinataka visu vya mashine ya kukalia visimame ndani ya sekunde 5.

Umuhimu wake unaonekana kwenye mwendo wa kisu. Viwango hivyohivyo vya Marekani vinaweka kikomo cha mwendo wa ncha ya kisu kwenye mita 96 kwa sekunde, karibu kilomita 350 kwa saa. Kisu kinachokaribia mwendo huo hakimpi mtu nafasi ya kuvuta mguu.

Swichi hizi huchoka. Vumbi na maji vikiingia, mashine inaanza kuzima yenyewe kila ikiruka kijishimo. Hapo fundi asiye na subira anaunganisha waya mbili, anafunga tepu ya umeme, anasema imepona. Mitaani wanaita kufunga dairekti.

Mashine iliyofungwa dairekti inawaka vizuri, inakata vizuri na inauzika vizuri. Kasoro yake itajulikana siku dereva atakapodondoka.

Jaribio la dukani ni la dakika chache. Lifanyike kwenye sakafu tambarare isiyo na mawe, watu wakiwa mbali, na muuzaji mwenyewe ndiye awe kwenye kiti. Awashe injini, afungulie visu, kisha anyanyuke kidogo bila kushuka. Injini au visu visipokata, jibu limepatikana.

Jaribio la pili: ajaribu kuwasha injini huku visu vikiwa vimefunguliwa. Mashine nzima itakataa kuwaka. Baada ya hapo injini izimwe, funguo itolewe, na waya za chini ya kiti zifuatwe kwa macho. Tepu mpya kwenye waya za zamani ni sababu ya kuuliza maswali.

Mawe ya Singida hayana huruma

Singida Mjini imejengwa katikati ya miamba. Hata kiwanja kinachoonekana laini kina vijiwe vilivyojificha chini ya nyasi. Kisu kikigonga jiwe yanatokea mambo mawili: mashine inaumia, na jiwe linaruka.

Kwa upande wa mashine, mnunuzi aangalie kava la chuma linalofunika visu. Chuma chembamba kilichokunjwa kwa mashinikizo kinapinda na kutoboka mapema kuliko bati nene lililochomelewa. Kwenye mtumba, bisibisi ikigonga sehemu yenye kutu na ikapenya, kava hilo limekwisha.

Sehemu inayofuata ni ekseli fupi zinazobeba visu. Injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, kisu kishikwe kwa glavu na kutikiswa juu na chini. Kikicheza, beringi zimechoka. Nyumba ya beringi ya chuma cha kusubu, yenye chuchu ya kupakia grisi, huvumilia vishindo kuliko ya aluminiamu isiyo na pa kuweka grisi.

Kwa upande wa watu, kifuniko cha mdomo wa kutolea nyasi ndicho kinachoelekeza jiwe chini badala ya kulirusha usoni mwa mpita njia. Wengine hukitoa ili nyasi mbichi zisigande. Mashine isiyo na kifuniko hicho isinunuliwe mpaka kirudishwe.

Kisha kuna kazi isiyohitaji hela, nayo ni kuokota mawe. Kupita kiwanjani na ndoo kabla ya kuwasha injini kunaokoa visu, beringi na macho ya watu.

Mteremko upimwe, usikadiriwe

Mashine nyingi za kukalia zina uzito wa kilo 200 au zaidi kabla dereva hajakaa. Ikipinduka, yeye anakuwa chini.

Vitabu vingi vya maelekezo vinaweka mwisho kwenye mteremko wa nyuzi 15. Kuupima hakuhitaji mtaalamu. Ubao ulionyooka wa mita moja ulazwe ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, usawazishwe kwa pima maji, kisha ipimwe nafasi kati ya ncha ya pili na ardhi. Ikizidi sentimita 27, sehemu hiyo iachiwe mashine ya begani.

Kwenye mteremko mdogo, trekta la nyasi lipande na kushuka, lisikate kwa kupita ubavuni. Nyasi zikiwa zimelowa, kazi isubiri. Walio na maeneo karibu na kingo za Ziwa Singidani au Kindai wanahitaji tahadhari zaidi. Nyasi za ukingoni zikatwe kwa mkono, kwa sababu udongo wenye maji hulainika na tairi likizama, mashine inakwenda na mtu.

Zipo pia mashine zinazogeuka papo hapo, zinazoongozwa kwa fimbo mbili badala ya usukani. Ni nyepesi kuzunguka miti, lakini kwenye mteremko zinateleza na kumshinda dereva. Anayezitaka achague yenye nguzo ya kuzuia kupinduka pamoja na mkanda. Nguzo ikiwa imesimama, mkanda ufungwe. Ikiwa imelazwa, mkanda usifungwe, maana utamng'ang'aniza dereva chini ya mashine.

Nguvu ya kwenye karatasi na nguvu ya Singida

Singida Mjini iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko.

Maana yake ni kwamba injini iliyoandikwa nguvu farasi 20 itatoa kama 17 hapa. Anayekata majani marefu ya Februari asinunue injini ya kukadiria kwa kujibana. Injini inayolazimishwa kila siku inachemka na kufa mapema.

Vumbi nalo lina zamu yake. Chujio la hewa liwe kubwa na rahisi kufungua, likiwa na sponji ya nje inayofuliwa kwa sabuni. Injini yenye pampu ya oili na chujio la oili hudumu kuliko ile inayorushiwa oili kwa kijiko cha ndani.

Oili ya kwanza kwa kawaida humwagwa baada ya saa 5 hadi 8 za kazi, kisha kila saa 50 hivi. Mita ya saa kwenye dashibodi ina kazi hiyo, na kwenye mtumba inasaidia kujua mashine imetumika kiasi gani, iwapo haijachezewa.

Kuna na miiba. Tairi za hewa zikiingia kiwanja chenye migunga zitatoboka, kwa hiyo ni busara kumimina ndani yake dawa ya kuzuia pancha tangu siku ya kwanza.

Miezi ambayo mashine hulala

Mashine nyingi za Singida haziuawi na kazi. Zinauawa na kiangazi. Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili au Mei, mashine inasukumwa pembeni na kusahaulika mpaka mwisho wa mwaka.

Petroli huanza kuchacha ndani ya mwezi mmoja hivi, ikaacha utando ndani ya kabureta. Betri inakufa taratibu. Nyasi zilizogandia chini ya kava zinakula chuma. Panya wanatafuna waya.

Dawa yake ni asubuhi moja ya kazi: tangi likaushwe na injini iachwe iwake mpaka petroli iishe kwenye kabureta, oili ibadilishwe, kava likwanguliwe, betri itolewe na kuchajiwa kila mwezi. Kisha mashine ikae ndani, si chini ya mti.

Spea kwanza, rangi baadaye

Dodoma iko kama kilomita 240 kutoka hapa, Dar es Salaam karibu 700. Mkanda wa visu ukikatika Januari na spea haipo, kiwanja hakisubiri basi.

Ndiyo maana ni vizuri kuchagua injini ambayo mafundi wanaifahamu, kama Honda, Kawasaki au Briggs & Stratton. Fundi aliyezoea jenereta na pampu za maji hatapotea sana. Namba ya modeli ya mashine na ya injini ziandikwe kabla ya kulipa, na siku hiyohiyo zinunuliwe seti ya visu, mikanda na machujio ya akiba. Risiti ya EFD itunzwe. Bila hiyo hakuna wa kudaiwa garantii.

Anayenunua si anayekaa

Mara nyingi anayechagua mashine ni meneja au mhasibu, na anayeikalia ni kibarua ambaye hakuulizwa. Kibarua akiona swichi imefungwa dairekti, si rahisi amwambie bosi kwamba hataki kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo ni salama. Viatu vigumu, miwani, vizuia kelele na siku moja ya mafunzo ni sehemu ya gharama ya mashine, vihesabiwe kabla ya kuomba punguzo la bei.

Watoto ni jambo la peke yake. Wanaipenda mashine hii kama gari la maonyesho, na Marekani, ambako ni za kawaida majumbani, maelfu ya watoto huumizwa na mashine za nyasi kila mwaka. Madaktari wa watoto wa huko wanashauri asiyefikisha miaka 16 asiendeshe, na mtoto asipakatwe hata kwa mzunguko mmoja. Kurudi nyuma ndiko kunakoua: dereva azime visu kwanza, ageuke, aangalie, ndipo arudi.

Mwenye hela ya mashine mpya na mwenye hela ya mtumba wote wanaweza kupata inayofaa. Ila kama muuzaji anakataa kunyanyuka kwenye kiti injini ikiwaka, mnunuzi arudi nyumbani na hela yake. Fyekeo la wiki moja zaidi halijamkata mtu mguu kwa ajili ya waya mbili zilizofungwa tepu.