Mpingo unaoelea

Nilikwenda Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, kuandika habari za pamba. Msimu wa ununuzi ulikuwa umepamba moto, mizani zinaning'inia kwenye maghala ya vyama vya msingi, na kila mkulima wa Meatu niliyemsalimu alikuwa na lake la kusema kuhusu mizani hizo. Hakuna aliyezisifu. Habari hiyo niliiandika, ikatoka, ikasahaulika. Ambalo halijaniacha hadi leo ni maandishi ya chaki niliyoyakuta pembeni ya ubao, darasani nilikoingia kukwepa jua:

Mpingo = 1,200. Mpingo = 190. Mwongo nani?

Nikadhani ni mambo ya seremala. Mwalimu wa fizikia, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliniomba nisiandike jina lake, kisha akacheka. "Mmoja ni mti," akasema. "Mwingine ni nyota."

Wengi wetu tuliisikia habari hii Desemba 2019 tukaipita. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikuwa unatimiza miaka 100, ukazipa nchi zaidi ya 100 kila moja nyota yake na sayari yake izipatie majina. Wakenya walichagua Kalausi kwa nyota, na sayari wakaiita Buru. Sisi Watanzania tulipewa WASP-71, iliyo katika kundinyota la Nyangumi. Nyota ikawa Mpingo, sayari ikawa Tanzanite.

"Watu walishangilia jina," mwalimu akasema. "Mimi niliwahi kuwa karani wa mizani, misimu miwili kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo nilipoambiwa ile sayari ina uzito kiasi fulani, swali langu lilikuwa moja tu: nani kapima, na kwa mizani gani?"

Tanzanite haijawahi kuonwa na mtu. Mradi wa WASP, ulioigundua, ulikuwa na vituo viwili, kimoja kisiwani La Palma na kingine Sutherland, Afrika Kusini, kila kimoja kikiwa na kamera nane zenye lenzi za Canon za kununuliwa dukani tu. Kilichoonekana ni mwanga wa nyota kufifia kwa chini ya nusu ya asilimia moja, ukarudi, halafu baada ya siku 2.9 ukafifia tena. Kuna kitu kinakatiza. Lakini kufifia huko hakukuambii sayari ina ukubwa gani. Kunakuambia tu kwamba ni sehemu ndogo kiasi fulani ya nyota. Usipoijua nyota, huna kitu mkononi.

Hapa ndipo mwalimu aliponikamata. Alinitoa nje, akanionyesha lango la ghala ng'ambo ya barabara.

"Chukulia ni usiku, taa ya ndani inawaka, huoni kitu kingine. Lori la pamba linakatiza mbele ya lile lango. Ukijua mwendo wa lori, ukahesabu sekunde tangu linapoanza kuziba mwanga hadi linapouachia, unajua upana wa lango. Futi kamba ya nini?"

Tanzanite hutumia kama saa tano kukatiza mbele ya Mpingo. Ingekuwa inalizunguka Jua letu kwa siku zilezile 2.9, ingekatiza kwa kama saa tatu tu. Saa mbili za ziada zina maana: lango ni pana kupita inavyotegemewa. Ugumu ni kwamba mwendo wa lori hili unaamuliwa na uzito wa ghala lenyewe, kwa kuwa ni mvutano wa nyota unaoizungusha sayari. Kwa hiyo hesabu haikupi upana peke yake wala uzito peke yake. Inakupa vyote viwili vikiwa vimefungwa furushi moja, na furushi hilo ndilo tunaloliita densiti. Mwaka 2003 Sara Seager na Gabriela Mallén-Ornelas walionyesha kwenye karatasi kwamba kivuli cha sayari kinatosha kutoa densiti ya nyota. Nyota isiyogusika inapimwa ulaini wake kwa saa ya ukutani!

Ukichukua vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013, nyota yetu ina uzito wa Majua 1.56, nusu kipenyo chake ni mara 2.26 ya kile cha Jua. Piga hesabu: kila mita moja ya ujazo ina wastani wa kilo 190 hivi. Mita kama hiyo ya maji ina kilo 1,000. Ya mpingo, mti ule wanaouchonga Wamakonde, inafika kilo 1,200, na ndiyo maana gogo lake huzama. Nyota ya Mpingo, kama pangekuwa na bahari ya kuitosha, ingeelea. Imeanza kuzeeka na inavimba.

"Hii siyo mpingo, mwandishi," mwalimu akasema polepole. "Hii ni pamba."

Hatukucheka sana, maana hapohapo alirudi kwenye mizani. Joto la nyota, karibu Kelvin 6,000, linasomwa kwenye mwanga uliochanguliwa rangi kama upinde wa mvua. Densiti inatoka kwenye kivuli. Lakini uzito wenyewe unatoka kwenye mifano ya hesabu inayoeleza nyota za namna hiyo huzeeka vipi, na mifano nayo inahitaji jiwe la mizani: nyota pacha zinazokatizana, ambazo uzito wake unapatikana bila kubahatisha. Nusu kipenyo ile ya 2.26 iliandikwa na shaka ya 0.17 juu au chini. Ni kama asilimia 7.5. Ujazo unaizidisha shaka hiyo mara tatu, na sayari nayo inanenepa au kukonda pamoja na nyota yake. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kilikuja kusaidia kwa kupima umbali wa nyota zaidi ya bilioni moja, kwani ukijua umbali na mng'ao, upana unakaa sawa zaidi.

"Karani mwaminifu haandiki kilo tu," alisema. "Anaandika na mizani yake inakosea kiasi gani. Mkulima hapa hajawahi kupewa karatasi ya namna hiyo."

Nilimuuliza kama kuna Mtanzania aliyeshiriki kuipima Mpingo. Akanyamaza. Kisha akasema kuna binti wa kidato cha pili aliyemuuliza jambo gumu kuliko langu: tukiipa nyota jina letu na wengine wakaipima, ni ya nani? Hajamjibu, na maandishi hajayafuta.

Mwishoni mwa Novemba, wakati Simiyu inapanda pamba, Mpingo hupita karibu na utosi wa Mwandoya, kaskazini kidogo, mnamo saa nne usiku. Ni hafifu mno kwa macho matupu. Inahitaji darubini, na siku niliyokwenda, shuleni pale hapakuwa na darubini.