Tangazo la Ukutani na Mpita Njia

Mtu asomaye gazeti huketi, lakini asomaye tangazo la ukutani yumo safarini. Ana kapu mkononi au yuko juu ya baisikeli, na macho yake hulitazama tangazo kwa muda wa hatua chache tu. Mchoraji asiyelitambua jambo hili atafanya kazi ya kupendeza mezani kwa mteja wake, nayo ikiisha kubandikwa haitamfikia mtu.

Katika mji wa Berlin, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kampuni ya viberiti iitwayo Priester ilifanya mashindano ya kuchora tangazo. Kijana mmoja, Lucian Bernhard, alichora meza yenye kitambaa cha miraba, na juu yake viberiti, kisahani cha majivu na sigara kubwa itoayo moshi. Na nyuma, wasichana wakicheza dansi. Inasimuliwa kwamba rafiki yake alipoiona picha alimsifu kwa tangazo zuri la sigara. Bernhard akaanza kufuta. Akawafuta wasichana, akafuta sigara na kisahani, hata meza yenyewe, vikabaki vijiti viwili vya kiberiti na neno moja, Priester. Picha hiyo ilikataliwa kwanza, lakini mwishowe ndiyo iliyoshinda, na wachoraji wengi wa Ujerumani wakaifuata namna yake.

Kufuta huku humwudhi mteja, maana yeye ndiye alipaye, naye huona kila nafasi tupu kuwa ni fedha iliyopotea. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chataka kuwaita wanachama kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Katibu huja na karatasi mbili zilizojaa: majina ya halmashauri yote, historia ya chama, picha ya kiwanda, na sifa za mgeni wa heshima. Mchoraji mwerevu hazikatai palepale, bali humwuliza: Mwanachama akiisha kupita hapa, atakiwa kufanya nini? Jibu ni kuja mkutanoni. Basi neno “mkutano”, siku, saa na mahali viwe vikubwa kupita yote. Jina la chama lifuate. Na majina ya wakubwa yaachiwe barua za mwaliko. Wanachama wasipotimia idadi itakiwayo, mkutano huahirishwa, na maamuzi juu ya malipo yao huahirishwa pamoja nao.

Katika nchi zetu saa yataka uangalifu wa pekee. Katibu akiandika “2.00” kwa saa ya Kizungu, wako watakaofika saa mbili asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Yafaa iandikwe “saa nane mchana” kwa maneno kamili, na tarehe ifuatane na jina la siku, kwa kuwa wengi huikumbuka Jumamosi kuliko tarehe 14.

Abram Games wa Uingereza, aliyechora matangazo mengi ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alianza kazi zake kwa picha ndogo ndogo, akiamini kwamba wazo lisilofaa katika kimo cha inchi moja halitafaa ukutani. Njia hiyo haina gharama, nayo hufichua kasoro kabla wino haujanunuliwa.

Kuhusu herufi, kadirio la kawaida ni kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Weusi juu ya manjano huonekana mbali. Manjano juu ya weupe hupotea. Tena wino mwekundu huchujuka juani upesi kuliko mweusi, basi tarehe isiandikwe kwa wekundu ikiwa tangazo litakaa nje kwa miezi.

Nakala ya kwanza na ibandikwe ukutani, mteja asimame ng’ambo ya barabara. Akishindwa kuitaja siku ya mkutano kabla ya kuhesabu hadi tano, nakala nyingine 500 zisipigwe chapa bado.