Ncha ya Rangi ya Chungwa Kwenye Bunduki ya Mtoto: Inamlinda Nani?

Ukiingia duka la vifaa vya watoto pale Mlowo, hasa sikukuu zikikaribia, ukaoneshwa bunduki ya kuchezea, usianze na bei. Igeuze kwanza uangalie mdomo wa mtutu. Baadhi zina kizibo au pete ya rangi ya chungwa kali, ile inayong'aa kama vesti za mafundi wa barabara. Nyingine ni nyeusi tii mwanzo mwisho. Zote mbili zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja China, kwenye mashine ileile. Ile rangi haikuamuliwa Mlowo wala Dodoma. Asili yake ni Washington, mwaka 1988.

Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusimamia matumizi ya nishati serikalini, na humo ndani kikachomekwa kifungu kuhusu bunduki za watoto. (Usiniulize bunduki za watoto zilifuata nini kwenye sheria ya umeme. Mabunge ndivyo yalivyo.) Kuanzia tarehe 5 Mei 1989, bunduki ya kuchezea inayofanana na ya kweli haiuzwi wala haiingizwi Marekani bila alama. Alama ya kawaida ni kizibo cha chungwa kilichogandishwa mdomoni mwa mtutu, kisizame ndani zaidi ya milimita 6. Au mtutu upakwe chungwa kuzunguka, angalau milimita 6 kutoka mdomoni. Au bunduki nzima iwe ya plastiki inayoonesha ndani, au iwe na rangi ya wazi kama nyekundu kali, njano, bluu au waridi. Kwa kuwa soko la Marekani ni kubwa, viwanda vikazoea, na mzigo wenye ncha hiyo ukasambaa mpaka kwetu.

Sasa, wengi wetu tukisikia "alama ya usalama kwenye kichezeo" tunadhani inamlinda mtoto asiumizwe na kichezeo chenyewe. Hii siyo. Ncha ya chungwa haiongei na mtoto, wala na mzazi aliyeinunua. Inaongea na mtu aliyesimama upande wa pili, yule anayeelekezewa mtutu, na inamwambia kitu kimoja tu: usiogope, hii si ya kweli. Kwa hiyo inatakiwa ionekane na ieleweke kabla mtu huyo hajaamua kukimbia, kurusha jiwe au kufyatua ya kwake. Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhani.

Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, Ohio, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa bustanini na bunduki ya kurusha vigololi vya plastiki. Aliyepiga simu polisi alisema huenda si ya kweli, lakini maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilipofika, zilipita kama sekunde mbili tu kabla askari hajafyatua risasi. Mtoto alifariki siku iliyofuata. Bunduki yake haikuwa na ile ncha ya chungwa, ilikuwa imeshatolewa.

Hapo ndipo udhaifu wa kwanza ulipo: kitu kilichochomekwa kwa mbele kinachomoka, au kinapakwa rangi nyeusi ya kopo. Udhaifu wa pili ni wa kifizikia, na huu unanivutia zaidi kwa sababu unaweza kuupima mwenyewe nyumbani. Chukua kanga mbili, moja nyekundu au ya chungwa na nyingine ya bluu, ambazo mchana zinang'aa sawasawa. Zitundike kwenye kamba nje, kisha zitazame giza linapoanza kuingia. Utaona ile nyekundu inazima mapema, inakuwa nyeusi-nyeusi, huku ya bluu ikiendelea kuonekana. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Kicheki, Jan Purkyně, aliliandika jambo hili, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Sababu iko ndani ya jicho. Mchana tunaona kwa seli za rangi, ambazo kwa pamoja hupokea vizuri zaidi mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 555 hivi, yaani kijani kinachoelekea njano. Mwanga ukipungua, kazi inahamia kwa seli nyingine zisizotambua rangi, na hizo kilele chao ni kama nanomita 500. Chungwa liko karibu na 600. Maana yake, saa moja jioni, pale ambapo mtu ana hofu zaidi na anaona kidogo zaidi, rangi iliyochaguliwa ndiyo inayotangulia kupotea.

Waingereza walichukua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika upande huu Oktoba 2007, haikuhangaika na ncha. Ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli, ila kwa matumizi machache kama filamu na maigizo. Isihesabiwe kuwa inafanana, sehemu kubwa ya mwili wake iwe ya rangi kali (nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au bluu), au ioneshe ndani, au iwe ndogo kabisa, chini ya milimita 38 kwa kimo na 70 kwa urefu. Mimi nakubaliana nao zaidi. Bunduki ya waridi kuanzia kitako mpaka mtutu hata gizani ina kazi kuifanya itishe, na kuipaka yote nyeusi ni kazi ya makusudi, siyo ya kung'oa kizibo kwa meno.

Turudi nyumbani. Mzigo wa vichezeo unafika Mlowo kwa barabara ya TANZAM, ama ukitokea Kariakoo ama ukiingilia mpakani Tunduma. TBS ina mpango wa PVoC tangu mwaka 2012, ambapo bidhaa zinakaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na vichezeo vimo kwenye orodha. Kwa upande wa forodha kuna swali tamu: hiki ni kichezeo au silaha? Ushuru wa Afrika Mashariki unafuata mfumo wa kimataifa wa namba, ambamo vichezeo viko sura ya 95 na silaha sura ya 93. Ila sura ya 93 ina kifungu cha 9304, kinachobeba bunduki za springi, za upepo na za gesi. Bidhaa za sura ya 93 zimewekewa masharti katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Kwa hiyo bunduki ya springi inaweza kuangukia upande wowote, na rangi yake siyo inayoamua.

Na huku mtaani, bunduki bandia siyo mchezo tena pale inapotumika kumwibia mtu wa bodaboda. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu unyang'anyi wa kutumia silaha, kina kifungo kisichopungua miaka 30, na hakiishii kwenye bunduki: kinagusa silaha yoyote ya hatari au chombo cha kutendea unyang'anyi. Kama plastiki nyeusi inaingia humo, nawaachia wanasheria. Aliyeporwa hakuwa na nafasi ya kuuliza.

Kuna kitu ambacho rangi haigusi kabisa, nacho ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Hata sheria ya Marekani iliziacha nje bunduki za jadi za upepo zinazorusha vigololi, ambazo ndizo zenye nguvu zaidi. Viwango vya vichezeo kwa muda mrefu vimetumia mpaka wa joule 0.08 kwa kitu kigumu kinachorushwa bila ncha laini. Kigololi cha milimita 6 kinapita vizuri kwenye tundu la jicho la mtoto. Mfupa wa kuzunguka jicho hauwezi kukizuia.

Hesabu ni ya sekondari, nusu ya uzito mara kasi kwa kipeo cha pili. Angalia boksi: mara nyingi limeandikwa uzito wa kigololi kwa gramu na kasi kwa FPS, yaani futi kwa sekunde. Zidisha FPS kwa 0.3048 upate mita. Tuseme boksi linasema gramu 0.12 na FPS 200. Kasi ni mita 61 kwa sekunde, karibu kilomita 220 kwa saa. Nishati ni 0.5 × 0.00012 × 61 × 61, sawa na joule 0.22. Ni karibu mara tatu ya ule mpaka, hata kama mdomo wa mtutu una chungwa linalowaka namna gani.