UZIO BILA KUCHIMBA: ULIZA HALI YA CHINI KABLA YA KUPOKEA HELA

Mimi nauza nguzo za uzio na vifaa vyake kupitia WhatsApp. Wateja wangu wengi ni wapangaji: mwenye nyumba hataki sakafu ivunjwe, au hataki mashimo uani. Wanataka uzio unaosimama bila kuchimba.

Soko lipo. Ila uzio huu ukifungwa mahali pasipofaa, upepo ukija unalala, na pembeni yake anaweza kuwepo mtoto anacheza. Kwa hiyo kabla sijatuma namba ya malipo, naomba picha ya eneo, halafu nauliza mambo matatu.

1. Chini kuna nini?
Kama ni zege nene lisilo na nyufa, nauza nguzo iliyochomelewa bamba la chuma lenye matundu manne. Fundi anatoboa zege kwa drili, mbali na ukingo lisije likapasuka, anapuliza vumbi lote, kisha anafunga bolti zinazotanuka. Vumbi likibaki, bolti haishiki vizuri.
Kama ni pevingi, siuzi. Yale matofali yamelala juu ya mchanga tu, yatang'oka pamoja na bolti.
Kama ni udongo mgumu, nauza nguzo ya chuma cha engo iliyochongoka, inapigiliwa kwa nyundo kubwa. Hapo mteja ajue kwanza bomba na waya vinapita wapi. Mchanga mlaini haushiki, na mwamba haupenyeki.

2. Juu utafunga nini?
Wavu unapitisha upepo. Mabati yanaupokea wote, kama tanga la jahazi. Anayetaka mabati marefu namwambia ukweli: hapo chimba shimo, mwaga zege. Kweli nakosa hela ya siku hiyo, lakini sibaki na kesi.

3. Ni uzio mpya au unakarabati?
Nguzo nyingi za mbao huoza pale udongo unapokutana na hewa, huku juu bado ni nzima. Huyu hahitaji nguzo mpya. Anahitaji kipande cha engo na bolti mbili: kinapigiliwa pembeni ya nguzo iliyooza, kinafungwa kwenye sehemu nzima ya juu, kisha kinapakwa rangi ya kuzuia kutu. Faida yangu ni ndogo, ila mzigo unabebeka kwa bodaboda na mteja ameokoa hela.

Majibu hayo nimeyageuza kuwa mstari mmoja kwenye tangazo: "Inafaa zege na udongo mgumu. Haifai pevingi, mchanga, wala mabati marefu." Anayesoma hapo na kuona hapafai, anaondoka mapema, kabla sijalipa usafiri wa kwenda na kurudi.

Na wewe, bidhaa yako haifai wapi? Iandike leo kwenye tangazo lako, usisubiri mteja aigundue baada ya kulipa.