ALTEZZA IMELALA MIGATO? SOMA NAMBA KABLA YA KUTUMA HELA!

Haya wapenzi wa michuma, leo tuache habari za muziki mnene na bomba la moshi linalonguruma kama simba wa Serengeti. Tuongelee siku mchuma unapogoma.

Gari likilala Dar, unapanda daladala hadi Kariakoo, shida imekwisha. Likilala Migato, kule mkoani Simiyu, hiyo ni kasheshe nyingine! Unaanzia Bariadi. Ukikosa, unapita Lamadi hadi Mwanza. Ukikosa na huko, unapiga simu Kariakoo, hela unatuma kwa simu, mzigo unapanda basi. Unaupokea stendi kwa furaha, unafungua boksi... spea haiingii! Ukilalamika unaambiwa usome risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hela ya pamba imekwenda hivyo, na gari bado liko juu ya mawe.

Jina moja, magari mawili

Mara nyingi kosa linaanzia kwenye simu. "Bro, nataka mkanda wa taimingi wa Altezza." Altezza ipi, mshikaji?

Toyota waliitoa Altezza huko Japani mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998-1999, na uzalishaji ukakoma 2005. Kwa sura ni mapacha, lakini fungua boneti uone. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, nguvu za farasi kama 210 kwa ile ya gia za mkono. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, farasi kama 160. Na zote ni cc 2000! Halafu kuna Gita, ile yenye buti refu, ambayo nyingine zina 2JZ-GE ya cc 3000.

Kwa hiyo ukisema "Altezza" ukanyamaza, muuzaji anabahatisha. Na anabahatisha kwa hela yako.

Chesisi haidanganyi

Chukua kadi ya gari, au soma kibao cha chuma ndani ya boneti. Chesisi ikianza na SXE10, hiyo ni RS200. GXE10 ni AS200. JCE10 ni Gita ya cc 3000. Herufi zinazofuata kwenye kibao, kwenye mstari wa modeli, zinaeleza mengine, kama aina ya giaboksi. Usiache hata moja.

Usishtuke kuona chesisi yako ni fupi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Ndiyo maana ukiingia kwenye katalogi ya Lexus IS200, jina ambalo gari hili liliuzwa nalo Ulaya, chesisi yako inakataliwa. Tafuta katalogi ya Toyota ya soko la Japani. Siku hizi inapatikana kwenye intaneti, hata kwa simu ya mkononi.

Angalizo: haya magari yamezeeka, na mengi yamebadilishwa injini. Kama lako ni mojawapo, spea za injini nunua kwa kufuata injini iliyomo. Breki na shokapu fuata chesisi, ila hakikisha nazo hazijabadilishwa.

Namba ya spea inasomwaje?

Spea ya Toyota kwa kawaida ina namba ya sehemu mbili, tano kwa tano, katikati kistari. Tano za mwanzo zinataja aina ya kitu: 90915 ni filta ya oili, 04465 pedi za breki za mbele, 04466 za nyuma, 13568 mkanda wa taimingi. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari gani hasa. Wengi wanaumbuka hapo: wanaona mwanzo unafanana, wanalipa!

Ukiambiwa namba yako imekufa, usikate tamaa. Kiwanda kinapobadilisha spea, namba ya zamani hurithiwa na mpya. Muulize muuzaji mrithi wake ni nani, kisha hakiki mwenyewe kwenye katalogi.

Kabla hujatuma hata senti

Safisha spea ya zamani, piga picha namba yake. Piga picha kibao cha chesisi. Tuma zote mbili. Kisha mwambie muuzaji naye akupigie picha ya spea yenyewe, siyo boksi tu, maana boksi hata wa feki wanachapa. Linganisha matundu, meno na urefu. Fundi wako naye aone. Hapo ndipo utume hela.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Dakika kumi za kusoma namba ni nafuu kuliko nauli ya mzigo kwenda na kurudi Dar. Tukutane wiki ijayo, mchuma ukiwa barabarani!