Watu 300 wa Angicos

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie ya Angicos, mji mdogo katika nchi kame ya kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mwaka 1963, watu wazima wapatao 300 wa mji huo walikuwa wakitoka kazini jioni na kwenda kujifunza kusoma. Wakati huo sheria ya Brazili ilimnyima kura asiyejua kusoma na kuandika. Tazameni dhuluma hiyo ilivyojizungusha: mtoto wa maskini hapati shule, akikua anaambiwa hana kura kwa kuwa hakusoma, na kwa kuwa hana kura, hakuna mkubwa anayehangaika kumjengea mwanawe shule.

Aliyebuni masomo yale ni Paulo Freire, mzaliwa wa Recife. Utotoni alikaa darasani na njaa, somo likakataa kumwingia. Tangu hapo alijua kwamba anayeitwa mjinga huenda hajala tu.

Freire hakutaka watu wazima wapewe vitabu vya watoto. Walimu walianza kwa kusikiliza mazungumzo ya wenyeji, wakachagua maneno ya maisha yao. Mfano wake mmoja maarufu ni tijolo, yaani tofali. Kwanza huonyeshwa picha ya watu wakijenga, na maswali huanza. Nani anafyatua matofali haya? Nyumba ni ya nani? Aliyeijenga analala wapi? Watu wakishazungumza vya kutosha, ndipo neno hukatwa: ti-jo-lo. Kisha huja ndugu zake: ta, te, ti, to, tu, ja, je, ji, jo, ju, la, le, li, lo, lu. Sasa mwalimu hunyamaza. Wanafunzi huchanganya silabi wenyewe, mmoja akapata loja, yaani duka, mwingine luta, yaani mapambano.

Hapo ndipo haki na uhuru vinapokutana. Haki ni kwamba kibarua naye ana nafasi darasani. Uhuru ni kwamba akishaketi, anaruhusiwa kuuliza kwa nini. Mkipewa madawati mazuri lakini swali likawaletea fimbo, mmepewa nusu tu. Freire alifananisha kukaririshwa na kuweka fedha benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, basi.

Masomo ya Angicos yalichukua saa 40, na Rais João Goulart mwenyewe alikuja kuyafunga. Mwaka uliofuata wanajeshi walimpindua. Freire akafungwa siku zipatazo 70, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Naamini walichokiogopa si alfabeti, bali yale maswali.

Wasiojua kusoma walipata kura mwaka 1985. Freire alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, na mwaka 1989 alikabidhiwa shule za jiji la São Paulo. Huko, pamoja na maswali yake yote, alihangaikia pia majengo mabovu na mishahara ya walimu.