Nyigu mdogo anayemaliza nzi wa maembe: anafanya kazi namna gani?

Embe linaonekana zuri sokoni, lakini ukilipasua unakuta funza. Wakaaji wa Uvira, Fizi ao Kalemie wanajua hasara hiyo: mama muuzaji anatupa nusu ya kikapu, na franga za mtoto za shule zinapotea.

Chanzo ni nzi wa matunda. Jike anatoboa ganda na kutaga mayai ndani, kisha funza wanakula nyama ya embe. Wakishakomaa, wanaingia katika udongo, na humo njo nzi wapya wanatokea. Mwenye kusumbua zaidi anaitwa Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia. Katika Afrika alionekana mara ya kwanza Kenya, mwaka 2003, kisha akaenea haraka mpaka kwetu Kongo. Dawa ya kupuliza haimuwezi vizuri, juu mayai na funza wako ndani ya tunda.

Lakini nzi huyu ana adui: nyigu mdogo sana, Fopius arisanus, asiyeuma watu. Anatafuta mayai ya nzi ndani ya embe na kutaga yake ndani yao. Funza anazaliwa na kukua kama kawaida, kumbe mtoto wa nyigu yuko ndani yake anamkula. Mwishoni, pahali pa nzi, anatoka nyigu.

Visiwa vya Hawaii vilimtumia tangu miaka ya 1940. Mwaka 2006, kituo cha icipe cha Nairobi kilimleta Kenya kutoka huko. Hamalizi nzi wote, lakini anawapunguza kila musimu bila kulipwa.

Mkulima naye ana kazi yake. Maembe yaliyooza yasibaki chini ya mti. Yaokote kila mara, uyafunge katika sashe nzito uyaache kwenye jua, ao uyazike chini kupita santimetre 50. Kwingine wanayaweka katika hema yenye wavu: matundu yake ni madogo, nzi hapiti, lakini nyigu anapita na kurudi shambani.

Na kabla ya kupuliza dawa kila pahali, kumbuka: dawa haichagui. Inaua nzi, na inaua pia yule anayekusaidia.